Nilivyokwenda kupiga picha maua ya Uingereza nikarudi na tope magotini

Na Mwandishi Wetu, London

KWA mtu aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, majira ya machipuko ni jambo la vitabuni. Tunajua masika na vuli, tunajua kiangazi na kipupwe, lakini hatujui majira ambayo nchi nzima huamka kutoka usingizini kidogo kidogo, ua baada ya ua. Mikrismasi inapowasha wekundu wake kando ya barabara zetu mwishoni mwa mwaka, ni wachache wanaosimamisha gari ili kuitazama, achilia mbali kuipiga picha. Itachanua tena mwakani, na asumini ya jirani haijawahi kufunga duka.

Uingereza mambo ni tofauti. Mwezi Machi unapoingia, watu wenye heshima zao, wazee kwa vijana, huonekana wamepiga magoti katika bustani za umma, nyuso zao zikikaribia kugusa nyasi, kamera au simu mkononi. Mara ya kwanza nilipoliona kundi la namna hiyo nilidhani mtu amedondosha pete. Siku tatu baadaye nami nilikuwa nimepiga magoti miongoni mwao.

Chanzo kilikuwa mwenyeji wangu, mama mmoja wa Kisambaa kutoka Lushoto ambaye ameishi London kwa miaka mingi. Kabatini mwake mlikuwa na kamera kubwa ya dijitali yenye lenzi mbili, aliyomnunulia mwanawe wa kiume, naye kijana akaiacha na kuendelea kutumia simu. "Ichukue mwanangu," aliniambia. "Afadhali ikachafuke kazini kuliko kuozea humu. Nenda kanipigie picha ya maua nimpelekee dada yangu nyumbani."

Nilimjibu, "Hilo ni jambo dogo, mama." Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Kumbukumbu yangu katika fani ya upigaji picha ni harusi moja ya Kinondoni, ambapo niliwapiga picha maharusi wote wawili bila vichwa.

Kabla ya kusimulia yaliyonipata, ni vyema kueleza haraka ya maua hayo inatoka wapi, kwa kuwa bila kulifahamu hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini Waingereza hupiga magoti.

London iko nyuzi 51 na nusu kaskazini mwa Ikweta. Kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama kwa kiasi cha nyuzi 23.4, urefu wa mchana katika mji huo mwezi Desemba hupungua hadi chini ya saa 8, ilhali mwezi Juni hufikia zaidi ya saa 16. Kwetu Dar es Salaam mchana haupungui saa 11 na nusu wala hauzidi saa 13 mwaka mzima. Mwishoni mwa Machi, mchana wa London hurefuka kwa karibu dakika 4 kila siku. Mmea unaoishi huko hauna budi kuisoma saa hiyo ya jua, na kuisoma vizuri.

Sasa fikiria mmea mdogo unaoishi chini ya miti mikubwa. Miti mingi ya misitu ya Uingereza hupukutisha majani yote wakati wa baridi. Kuanzia mwezi Februari jua huanza kupata nguvu, huku miti ikiwa bado mitupu, na mwanga hufika hadi ardhini. Hali hiyo haidumu. Ifikapo katikati ya Mei miti imekwisha kuvaa majani, paa limefungwa, na chini kumekuwa kivuli. Mmea wa sakafuni una wiki chache tu za kuchipua, kuchanua, kuchavushwa na wadudu, kuzaa mbegu na kujiwekea akiba ya chakula cha mwaka mzima.

Njia ambayo mingi kati yake hutumia kushinda mbio hizo ni ileile ya kitunguu cha jikoni. Chakula huhifadhiwa katika tunguu lililo chini ya udongo, hivyo siku ya kuamka ikifika mmea hauanzi na mtaji wa sifuri. Ndiyo maana maua hayo hufuatana kama abiria kwenye foleni: snodropu, ambayo ni meupe na madogo, hutokea Januari na Februari, wakati mwingine yakipenya kwenye theluji, hufuata krokasi za zambarau na njano, kisha dafodili mwezi Machi, tulipu mwezi Aprili, na kuanzia katikati ya Aprili hadi Mei, msituni, huja blubeli, ua la buluu lenye umbo la kengele ndogo zilizoinamisha vichwa. Ukichelewa wiki mbili umekosa, na ukikosa umekosa kwa mwaka mzima.

Mimi nilianza kwa kukosa. Kitabu cha zamani nilichokikuta kwa mwenyeji wangu kiliniongoza kwenda kutafuta krokasi katika Bustani ya Kew, magharibi mwa London, mahali palipoasisiwa mwaka 1759 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2003. Nilifika kwa mujibu wa tarehe za kitabu. Krokasi zilikuwa zimekwisha kulala chali, majani yake yamesinyaa kama mchicha uliosahauliwa kwenye kikapu.

Kosa halikuwa langu peke yangu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu zaidi ya 400,000 za tarehe ambazo mimea 406 ya Uingereza ilianza kuchanua, ulionyesha kwamba baada ya mwaka 1986 mimea hiyo imekuwa ikichanua takriban mwezi mmoja mapema zaidi kuliko ilivyokuwa awali. Watafiti walihusisha jambo hilo na kuongezeka kwa joto. Kinachopendeza ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ziliandikwa na watu wa kawaida, wapenda maua tu, na za kale zaidi ni za karne ya 18. Kitabu changu kilikuwa kikisema ukweli wa enzi nyingine.

Nikageukia dafodili, ambazo zilikuwa zimesimama kwa mamia, za njano kali, zikitikisika kwa upepo. Nilipiga picha 140 kwa muda wa saa moja. Jioni nilimwonyesha mwenyeji wangu kwenye kompyuta kwa majivuno. Alizitazama kimya, kisha akauliza, "Haya mayai ya kukaanga umeyapiga wapi?"

Alikuwa na haki. Kila ua lilikuwa doa la njano lisilo na mkunjo wala mshipa. Baadaye ndipo nilipojifunza sababu. Mtambo wa kamera unaopima mwanga haujui kinachotazamwa. Hudhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa pamoja, ina wastani wa kijivu. Ukiielekeza kwenye ua moja la njano lililopigwa na jua, huku nyuma yake kukiwa na kichaka cheusi, kamera huona giza kubwa na kuongeza mwanga ili kulifidia. Kichaka hupendeza, ua huungua. Tiba yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho kwa siku nzima nilikuwa nadhani ni cha kuongeza sauti. Ukikibonyeza upande wa kutoa, kwa kiasi cha hatua moja, mikunjo ya ua hurudi.

Tatizo la pili lilikuwa upepo, na hapa sina budi kutumia mfano wa bomba na ndoo ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anaufahamu. Picha ni ndoo inayotakiwa kujaa mwanga kwa kipimo. Unaweza kulifungua bomba kidogo na kusubiri sana, au kulifungua lote na kusubiri kidogo. Bomba ni tundu la lenzi. Kusubiri ni muda ambao kamera hufumbua jicho. Ua linalotikisika halikubali kusubiriwa: ukitumia muda wa sehemu moja ya 30 ya sekunde utapata ukungu, ukitumia sehemu moja ya 500 utalikamata. Lakini ili ndoo ijae kwa muda huo mfupi lazima bomba lifunguliwe sana, na tundu la lenzi likiwa kubwa, sehemu ya picha inayoonekana kwa ukali hupungua. Ukisogea karibu kabisa na ua, sehemu hiyo huwa ni milimita chache tu. Nina picha moja ya dafodili ambayo kitu pekee kinachoonekana bayana ni mdudu aliyekuwa akiondoka.

Watengenezaji wa lenzi nao wametusaidia kwa kuamua kwamba tundu kubwa liandikwe kwa namba ndogo na tundu dogo kwa namba kubwa. Hesabu yake ni sahihi, kwa kuwa namba hiyo ni kigawanyo. Hata hivyo, mtu aliyepiga magoti kwenye tope hana nafasi ya kugawanya.

Katika kujifariji, niligundua kwamba kuhangaika na maua ni desturi ya zamani katika fani hii. William Henry Fox Talbot, Mwingereza aliyetangaza njia yake ya kupata picha mwaka 1839, alikuwa amekwisha kulaza majani na maua juu ya karatasi yenye dawa na kuyaweka juani hadi kivuli chake kikabaki. Mwaka 1842 mwanasayansi John Herschel akavumbua njia nyingine inayotoa picha za buluu iliyokolea, na mwaka uliofuata Bi Anna Atkins akaanza kuitumia kutoa kitabu cha mimea ya baharini, kinachohesabiwa kuwa kitabu cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za namna hiyo. Hakutumia kamera hata kidogo. Mmea, karatasi, jua na maji ya kuoshea, basi. Mmea wake ulikuwa umelazwa chini ya kioo, upepo haukuwa na la kusema.

Nilikwenda kwa blubeli nikiwa nimejifunza kiasi hicho, na nikiwa na imani kubwa kuliko elimu. Msitu wenyewe uko Hertfordshire, kaskazini mwa London. Nilifika alfajiri mwishoni mwa Aprili, na nakiri kwamba nilisimama dakika kadhaa bila kuigusa kamera. Chini ya miti iliyokuwa imeanza kutoa majani mabichi kulikuwa kumetandazwa buluu tupu, kutoka miguuni mwangu hadi macho yaliposhindwa kuendelea, na harufu nyepesi tamu ilikuwa imetulia juu yake. Sijawahi kuona rangi moja ikikalia eneo kubwa namna ile isipokuwa bahari.

Kisha nikainua kamera, na buluu ile ikageuka zambarau. Nilipiga tena, ikawa zambarau. Wapiga picha wa siku nyingi wanalifahamu jambo hili: rangi ya blubeli iko mpakani mwa buluu na zambarau, na jicho la binadamu na kamera haviugawi mpaka huo kwa namna moja. Jua nalo lilikuwa limeanza kupenya matawini na kumwaga madoa meupe kila mahali. Siku ya mawingu, ambayo kwa mtalii ni hasara, ndiyo siku ya mpiga picha wa maua, kwa sababu wingu huusambaza mwanga kama pazia la dirishani.

Lakini shida yangu kubwa ilikuwa njia. Ilikatiza msituni ikiwa imepangwa magogo pembeni, na kila nilipotazama kwenye kamera niliona kwamba maua yaliyo karibu na njia ni machache, yaliyo mbali ndiyo mengi. Hatua tatu tu, nilijiambia. Nikapima kwa jicho, nikauinua mguu wa kulia juu ya gogo.

Mguu ulikuwa bado hewani aliposema bibi mmoja wa Kiingereza, mwenye umri wa kuweza kunizaa, ambaye alikuwa akijitolea kuulinda msitu. Hakupaza sauti. Aliniomba tu nitazame upande wa pili wa njia. Huko kulikuwa na kichochoro cha udongo mtupu, upana wa mtu mmoja, kilichoingia kati ya maua hadi kwenye mti mmoja mzuri ulioinama, kikaishia hapo. Alinieleza kuwa kichochoro kile hakikuchongwa na mtu yeyote kwa makusudi. Mmoja alipita kwenda kupigwa picha kwenye ule mti, wa pili akakanyaga alipokanyaga wa kwanza, na baada ya hapo kila aliyekuja aliamini kwamba hiyo ni njia.

Nilikuwa nadhani ua likikanyagwa hasara ni ua hilo. Kumbe ua ni sehemu ndogo ya hasara. Kilicho muhimu ni jani, kwa kuwa jani ndilo linalopika chakula cha kurudisha katika tunguu katika zile wiki chache kabla paa la msitu halijafungwa. Jani la blubeli likipondwa haliwezi tena kufanya kazi hiyo, na tunguu huingia katika mwaka unaofuata likiwa na njaa. Udongo nao ukishindiliwa, machipukizi hupata taabu kupenya. Blubeli inayoanzia kwenye mbegu huchukua kiasi cha miaka 5 au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza, hivyo kichochoro kilichofanywa na wageni wa wiki moja kinaweza kuhitaji miaka mingi kuzibika, kwa sharti kwamba hakuna mwingine anayepita.

Uzito wa jambo hili huongezeka mtu akijua kwamba inakadiriwa takriban nusu ya blubeli zote za asili duniani ziko katika visiwa hivi, na kwamba wataalamu huzichukulia kuwa dalili ya msitu wa kale, usiowahi kufyekwa kwa karne nyingi. Sheria ya Wanyamapori na Mazingira ya Vijijini ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi, na mwaka 1998 blubeli iliongezewa ulinzi dhidi ya biashara. Sheria humshika mwenye jembe. Mwenye kamera anayekanyaga hawezi kufikishwa mahakamani kwa urahisi, na wala hajioni kuwa ana kosa.

Waliowahi kuona mambo yakifika mbali zaidi ni wakazi wa Lake Elsinore, mji mdogo wa California nchini Marekani. Mwezi Machi mwaka 2019, baada ya mvua nyingi, vilima vya Walker Canyon karibu na mji huo vilifunikwa na maua ya rangi ya chungwa, na picha zikasambaa mitandaoni. Watu walimiminika kwa makumi ya maelfu, barabara zikaziba, na wengi walitoka kwenye njia ili wapigwe picha wakiwa wamekaa au wamelala katikati ya maua. Mji ulilazimika kuwazuia wageni kwa muda. Maua yalipochanua tena kwa wingi mwaka 2023, mamlaka hazikusubiri. Bonde zima lilifungwa tangu mwanzo.

Niliurudisha mguu wangu njiani, nikiwa na aibu ya mtu mzima aliyekutwa na kidole kwenye chungu cha asali. Yule bibi, ambaye bila shaka ameshawaona wengi wa aina yangu, hakuniacha hivyo. Aliniuliza kama nina lenzi ndefu. Nilikuwa nayo mfukoni tangu asubuhi, sijawahi kuifunga.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo lingeniokoa tangu mwanzo. Lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, huonyesha vitu vilivyoachana kana kwamba vimesogeleana. Blubeli ambazo kwa jicho ziko futi moja moja, zikitazamwa kwa lenzi hiyo kutoka usawa wa chini, hupandana na kuwa zulia lisilo na tundu, na udongo ulio kati yake hupotea. Picha zile nzuri ambazo mtu akiziona huamini kwamba mpiga picha alisimama katikati ya maua, nyingi hupigwa kutoka njiani, na mtu aliyelala kifudifudi. Nililala kifudifudi. Tope lilipita kwenye suruali, likapita kwenye shati, na mbwa wa mtu fulani alikuja kuninusa sikio, lakini kwa mara ya kwanza katika majira yale nilipata picha ambayo sikuhitaji kuieleza. Ina blubeli saba bayana upande wa mbele, nyuma yake ukungu wa buluu, na shina moja la mti. Rangi niliirekebisha baadaye kwenye kompyuta, nikivuta kumbukumbu.

Picha 212 nilizipiga siku hiyo, nikabaki na hiyo moja.

Mwenyeji wangu aliisifu, akasema sasa nimekuwa mtu. Kisha akanichukua hadi dirisha la jikoni, ambako kuna vyungu vinne vya maua ya zambarau yenye majani manene ya manyoya. Ni yale ambayo wauza maua duniani kote huyaita urujuani wa Afrika. Asili yake ni milima yetu, hasa Usambara na ile inayopakana nayo, ambako huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akayapa jina la Saintpaulia kwa heshima yake. Leo yako kwenye madirisha ya Ulaya na Amerika yasiyo na idadi, ilhali porini, kila msitu unapofyekwa na kivuli kuondoka, aina kadhaa zinapungua. Dirishani mwa mama huyu huchanua hata Januari, kwa kuwa jikoni hakuna baridi.

"Na haya je?" aliniuliza. "Haya hukuyaona muda wote huo?"

Nilichukua simu, kwa sababu kamera ilikuwa imeisha chaji, nikalipiga picha ua moja mara moja tu. Hapakuwa na upepo, mwanga wa dirishani ulikuwa laini, na hapakuwa na cha kukanyaga. Usiku huo alimtumia dada yake picha zote mbili, ile ya msituni na ile ya jikoni. Majibu yalirudi kutoka Lushoto asubuhi. Kuhusu blubeli, dada mtu aliuliza kama ni kitambaa. Kuhusu ile nyingine aliandika: "Hili mbona liko huku kwetu korongoni? Mmelifuata Ulaya?"